Msianzie kwenye skrini

Ndugu Mhariri,

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wenye viwanda vya kuchenjua dhahabu wana sababu ya kubadilisha kompyuta za chumba cha udhibiti. Ombi letu kwao, kuanzia Busia hadi Mubende hapa Uganda: anzieni kwenye nyaya, skrini zifuate.

Chukueni kipimo cha pH (kiwango cha asidi au alkali) kwenye matangi ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Tope hutakiwa lisishuke chini ya 10.5, la sivyo gesi ya sumu huanza kutoka. Kipimo cha 0 hadi 14 hutuma ishara ya miliampea 4 hadi 20. Fundi akiipangia PLC mpya (kompyuta ndogo inayoendesha pampu na mitambo) kana kwamba ishara inaanzia 0, skrini itaandika 10.5 ilhali tope liko 9.6, na hapo zaidi ya robo ya sayanaidi huru imeshageuka kuwa ile inayotoroka hewani. Pampu ya chokaa, inayopandisha pH, imetulia, king'ora kimya. Kinga yake ni kazi ya kuchosha: pale pale tangini, ingizeni miliampea 4, 12 na 20 kwenye waya, mmoja baada ya mwingine, mwenzenu akithibitisha kwamba skrini inasoma 0, 7 na 14. Ishara ikishuka chini ya 3.6, programu itangaze waya umekatika, isidhani ni sifuri.

Kabla ya hayo, nakilini programu ya PLC ya zamani. Nyingi huitunza kwa betri ndogo, na betri ikifa, umeme ukikatika mara moja tu programu imekwenda. Betri hiyo hubadilishwa umeme ukiwaka. Anayezima kwanza kwa kuogopa shoti ndiye anayeifuta.

Kwa radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria, wekeni vizuia-radi kwenye nyaya za ishara pia, si za umeme pekee.

Uhamisho wenyewe kwenda mfumo mpya ungojee siku kinu kimesimama kubadilishiwa bamba za ndani. Kabati la zamani lising'olewe mpaka mfumo mpya uzoeleke.

Kitambuzi cha gesi nacho kiungwe moja kwa moja na king'ora na swichi ya pampu ya sayanaidi, bila kupitia PLC. Muuzaji akisema programu inatosha, mwulizeni nani atazima pampu PLC ikiganda.

Mafundi wa vipimo na udhibiti,
Tororo