Mtafute askari wa Keya kwa namba yake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika juzi kwamba babu zetu waliopigana chini ya Mwingereza katika Keya, yaani King's African Rifles (KAR), wamefutwa kabisa, hakuna hata karatasi inayowataja. Uchungu wake naujua, nimekuwa nao miaka kumi na moja. Lakini karatasi zipo. Tunazikosa kwa sababu kila tukifika dirishani tunatanguliza jina.

Nianze na ya nyumbani. Babu mzaa baba alikuwa Muacholi wa kaskazini mwa Uganda, akazaliwa baada ya mapacha. Kwa Waacholi mtoto wa namna hiyo hatafutiwi jina, ni Okello tu. Basi mfikirie karani wa Keya, kalamu mkononi, foleni ya vijana imefika hadi nje ya boma, na kila mapacha wa Kitgum na Gulu wana mdogo wao. Akina Okello hawahesabiki, na hapo sijamtaja aliyeandikwa Okelo, au Okelu, au yule ambaye karani, mtu wa kabila jingine, alimsikia vibaya akamwandika Okeyo. Jina la baba nalo liliandikwa kwa sikio vilevile. Nilipokwenda ofisi moja ambayo sitaitaja nikiwa na jina tupu, mama wa mapokezi alinitazama kwa huruma akauliza, "Okello yupi, mzee?" Sikuwa na jibu.

Babu alituachia kopo la biskuti. Ndani mna nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake wa bluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa pembeni. Ni Nyota ya Burma, medali ya waliopigana Burma (Myanmar ya leo) katika Vita vya Pili. Niliigeuza nikitafuta jina lake, nikakuta mgongo mtupu, hauna hata herufi. Baadaye ndipo nikaambiwa na wanaojua: medali za Vita vya Kwanza zilichongwa namba, cheo na jina la mwenyewe ukingoni, lakini nyota za Vita vya Pili Uingereza ilizigawa hivyohivyo, bila jina. Kwa hiyo msomaji mwenye medali ya fedha ya baba wa babu yake aiinamishe kwenye mwanga asome ukingo wake, kabla kijana wa nyumbani hajaipeleka kwa sonara.

Chini ya nyota kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, nusu yake kimeliwa na mchwa. Kimebaki kabila, wilaya, "4 KAR", na sehemu ya namba. Hizo tatu za mwisho mezani ndizo zilizonifikisha mbali kuliko jina la babu lilivyoweza kunifikisha.

Kwanza batalioni. KAR iliundwa 1902, na batalioni yake ya 4 ilitokana na Uganda Rifles, lile jeshi la mwaka 1895 lililoanzishwa kwa askari wa Kisudani, mababu wa ndugu zetu Wanubi wa Bombo. Katika Vita vya Pili batalioni hiyo ilikuwa katika Brigedi ya 21 pamoja na vijana wa Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia). Ilikwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1942, kisha Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kila batalioni ilikuwa na daftari la vita, na afisa alilijaza siku kwa siku: walipolala, walipohama, mvua, wagonjwa, risasi. Ya Burma yapo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu la WO 172. Ya Afrika Mashariki ya Vita vya Kwanza yako WO 95. Kadi ya msomaji pale haiuzwi, na kupiga picha kwa simu yako hakutozwi chochote. Binti wa dada yangu anafanya kazi ya uuguzi London. Siku yake ya mapumziko alikwenda, akanitumia kurasa kwa WhatsApp mpaka simu ikajaa.

Msitarajie jina la babu humo. Afisa akijeruhiwa anaandikwa jina. Askari wakijeruhiwa inaandikwa idadi. Hilo lilinikera sana usiku ule, sikatai. Lakini niliendelea kusoma, nikakutana na neno lililonifanya nivue miwani.

Utotoni mwetu pale Walukuba, Jinja, babu akishapata pombe yake ya ulezi ya jioni alipenda kusema, "Mimi nimevuka Kalewa." Sisi wajukuu tulikuwa tunavunjika mbavu. Bibi alijibu kutoka jikoni, "Kalewa tena huyo!" Ikawa ndiyo utani wa nyumba nzima, na babu alicheka nasi, hakutusahihisha hata mara moja. Kumbe Kalewa ni mji. Uko ukingoni mwa mto Chindwin. Divisheni ya 11 ilishuka bonde la Kabaw tangu Agosti 1944, msimu wa masika yao, kwenye tope, malaria na homa ya utitiri wa vichakani, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo wahandisi wakatandaza daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyounganishwa, la futi 1,154. Wakati huo hakukuwa na daraja la aina hiyo refu kuliko hilo duniani. Mzee alikuwa anatueleza, na sisi tulikuwa tunamcheka. Aliporudi alikuja kuchanganya zege bwawa la Owen Falls hadi lilipofunguliwa 1954, na ndivyo familia ya Kiacholi na bibi Msoga ilivyokuja kuzungumza Kiswahili nyumbani. (Wanaosema Kiswahili Uganda ni lugha ya bunduki wangesikia bibi akikitumia kugombeza kuku.)

Ufunguo wa pili ni wilaya, na hapa ndipo msomaji mwenzangu amekata tamaa mapema. Jeshi lilimhesabu askari, lakini mkuu wa wilaya alimwandika, kwa sababu ya fedha. Askari aliyekuwa ng'ambo aliacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mke au baba, na fedha hizo zilipitia bomani. Palipo na shilingi pana karatasi: nani apokee, mke yupi, kaka gani amekula fedha za shemeji, mzee gani anauliza mwanawe yu hai. Akifa, kuna barua za mirathi. Majalada ya aina hiyo yatafute Wandegeya, Kampala, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa za Uganda, na katika stoo za wilaya. Za Jinja ziliwahi kupangwa na kuorodheshwa na watu wa vyuo vikuu, na ziko wilaya nyingine ambako bado zimerundikwa sakafuni. Usiombe jalada la babu yako, maana halipo. Omba majalada ya askari na familia zao ya miaka ile, kaa, funua moja baada ya jingine. Beba barakoa, vumbi lake si la mchezo.

Kwa aliyefia vitani, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ina orodha inayotafutika kwa simu, na wengi waliokwenda Burma wamo, ama kwenye makaburi ya Taukkyan ama kwenye ukuta wa ukumbusho palepale. Kwa Vita vya Kwanza hapo namuunga mkono msomaji wako bila kusita. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu ya askari iliyoko Nairobi ina maandishi ya Kiswahili yanayomwahidi mpiganaji kwamba akifa wanawe watalikumbuka jina lake, ilhali wapagazi waliobebeshwa risasi na mahindi hadi wakaanguka njiani hakuna aliyejisumbua kuwaandika vizuri. Huyo ndiye aliyefutwa. Mbeba bunduki tusimweke kapu moja naye.

Sasa ombi langu, Mhariri. Tenga pembe ndogo ya gazeti, hata mara moja kwa mwezi, wasomaji walete vitu vitatu tu: namba, batalioni, wilaya. Walioandikishwa siku moja kwenye foleni moja walipewa namba zinazofuatana, hivyo cheti cha jirani kinaweza kukwambia babu yako aliingia lini na wapi, hata kama chako kimeoza.

Naanza mimi. Batalioni ya 4, wilaya ya Acholi. Namba inaanza na 1438, na tarakimu ya tano mchwa wameondoka nayo, kwa hiyo mpaka sasa nina babu kumi. Mwenye karatasi inayoanza hivyo, iwe Kitgum, Gulu, Bombo au popote, naomba aandike kupitia kwako, hata kama ni ya Okello mwingine.

Mjukuu wa Keya,
Walukuba, Jinja