Shukrani kwa muuguzi wa utafiti aliyemsikiliza dada yangu

Kwa miezi minne dada yangu, mwenye selimundu tangu utotoni, aliteswa na kiu isiyokatika huku akikonda, lakini kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilisoma asilimia 5.1, nasi tukaambiwa hana kisukari. Muuguzi aliyekuwa akiandikisha washiriki wa utafiti wa magonjwa sugu hakuridhika na jibu hilo. Alimsomea fomu ya ridhaa bila haraka, akamwuliza kuhusu selimundu, kisha akatueleza kwamba chembe nyekundu za damu zikifa mapema, kama ilivyo kwa mwenye selimundu, badala ya kuishi siku zipatazo 120, kipimo kile huweza kuonyesha sukari ndogo kuliko iliyopo. Alimpima asubuhi kabla ya kula, akapata milimoli 9.4 kwa lita, ilhali kisukari huanzia 7.0, akarudia siku ya pili ili kuhakikisha, akaandika barua na kumsindikiza hadi kwa daktari, ingawa dada hakuwa na sifa za kuingia katika utafiti wake. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Sasa dada anatumia dawa na analala usiku kucha. Muuguzi wetu, Mungu akuzidishie. Nanyi wenye ndugu wa selimundu, mkiona dalili hizo, ombeni sukari ipimwe kabla ya kula.