Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu: mwaka wa malenga

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha gemu za mezani za kuigiza wahusika, shikamooni wakubwa, mambo vijana, karibuni sana, na nyie mnaosoma hii kwenye grupu kwa sababu foleni imewakamata nanyi mmehesabiwa.

Mambo ya hela nayapita haraka kwa sababu mweka hazina ana ripoti yake na hapendi niingilie. Chama hakidaiwi, kodi ya ukumbi imelipwa, dadu zilizopotea zimenunuliwa nyingine, na wanaodaiwa ada wanajijua na mimi nawajua, tutaongea pembeni. Ukumbi wa mwanzo tuliuacha kwa sababu kila Jumamosi tukifika tunakuta kuna kichen pati chumba cha pili, na jamani huwezi kupigana na joka huku MC anatangaza nani katoa friji.

Sasa tuje kwenye kilichokula mwaka mzima, malenga.

Mkutano uliopita ulipitisha kwamba kampeni kubwa, yaani kile kisa kirefu tunachokicheza Jumamosi hadi Jumamosi, iwe ya nyumba ya mafunzo ya malenga wachawi, na wengine mlicheka, maana kwenye meza zetu malenga ndo mhusika anayepewa mtu aliyechelewa kufika, anashika gitaa lake, anatongoza kila mhudumu wa kilabuni, basi kazi imeisha. Mimi hilo sijawahi kulikubali. Chukueni gemu yenyewe tunayocheza: Dungeons & Dragons ilianza kuuzwa 1974, malenga akaingia 1976, na kwenye kanuni za 1978 kuwa malenga ilikuwa shughuli pevu, unaanza kama mpiganaji mpaka angalau ngazi ya 5, unahamia kwenye wizi, halafu ndo unapokelewa na madruidi, makuhani wa maumbile, wakufundishe muziki na uchawi wao, yaani unafika pale umeshachakaa. 1989 mlango ukafunguliwa, unaanza umalenga toka ngazi ya kwanza, na kwenye kanuni za 2014 malenga anafika mpaka uchawi wa daraja la 9, la juu kabisa, sawasawa na mchawi aliyekesha na vitabu. Nguvu wamemwongezea, shule wamemfutia. Ugomvi wangu uko hapo tu.

Kwa hiyo kamati ndogo ya kanuni (asanteni, najua mlikesha) ikarudi Ayalandi ya kale, na haikuwa kubahatisha, majina ya vyuo vya malenga kwenye zile kanuni za 1978 yalichotwa huko huko. Kule washairi wa juu, filid, walikuwa na madaraja 7. Wa chini kabisa anatakiwa awe na hadithi 30 kichwani, wa juu kabisa, ollam, awe nazo 350, na masomo yanachukua kama miaka 12. Na watu walikuwa wanatungia gizani! Martin Martin, aliyeandika habari za visiwa vya magharibi vya Scotland mwaka 1703, anaeleza jinsi washairi wa kule walivyokuwa wanafunga milango na madirisha, wanalala chali jiwe liko tumboni, nguo imefunika kichwa, siku nzima mtu anatunga hivyo. Tukalichukua lilivyo tukaliweka kwenye kampeni, ndo maana siku ile tulizima taa zote na mlinzi akaja kugonga akidhani luku imeisha.

Kutoka hapo ikazaliwa kanuni ya ubeti ambayo imeleta maneno mengi. Ukitaka kutoa uchawi wa daraja la kwanza unasimama unasema ubeti mmoja wa kwako, vina na mizani vikae, bila karatasi bila simu. Daraja likipanda na beti zinapanda. Ukikwama katikati, uchawi unakurudia mwenyewe.

Hiyo ya kukurudia nayo haikutoka hewani. Kuna kisa cha mshairi Nede na mjomba wake Caier, mfalme wa Connacht, huko huko Ayalandi. Nede alitaka ufalme, na mfalme mwenye kasoro mwilini haruhusiwi kutawala, basi akamuomba mjomba kisu ambacho alijua ana mwiko wa kukitoa, akanyimwa, akapata kisingizio cha kumtungia shairi la kumlaani. Asubuhi Caier anakwenda kunawa, uso una malengelenge matatu. Akakimbia kwa aibu, Nede akakaa kwenye kiti. Baadaye roho ikamsuta akamfuata huko alikojificha nyuma ya mwamba, Caier kumuona tu akafa kwa aibu, mwamba ukapasuka, kipande kikaruka kikamuingia Nede jichoni kikamuua. Mtu akikwambia malenga ni mhusika wa kuchekesha msimulie hiyo.

Basi ikafika Jumamosi ambayo kwangu ndo ya mwaka. Mwanachama mmoja, simtaji ila yuko hapo mbele anacheka, malenga wake kasimama mbele ya mtawala anayenyonya wavuvi kwa ushuru. Kwenye kanuni za 2014 dhihaka ya kichawi, yaani kumuumiza adui kwa maneno, unarusha dadu ya pande 4, za 2024 wameipandisha pande 6, mtawala anaumia kidogo, tunaendelea. Kwetu ilibidi jamaa asimame kweli:

Bwana wa hii bandari, nakujia kwa salamu,
Uliyevaa hariri, chini umevaa sumu,
Ushuru wako hatari...

Hapo kina kikagoma. Kimya. Nyuma mtu ananong'ona "zamu, zamu", msimamizi wa gemu, anayeendesha kisa, kamkatalia, mwingine anasema "haramu", naye kakataliwa. Malenga akaota malengelenge usoni mbele ya baraza zima, na mchezaji mwenyewe bila kuambiwa akachukua peni nyekundu akajichora vidoti vitatu shavuni, akapanda navyo daladala kurudi kwao.

Malalamiko yalikuja na ni ya haki kiasi. Wengine mlisema kanuni inawabeba waliosoma fasihi na waliokulia kwenye taarabu, na mwenye aibu ya kusimama mbele za watu kafungiwa nje. Dawa ilitoka kwa mwenzetu wa Lamu, akakumbusha Fumo Liyongo gerezani, mama kamletea tupa ndani ya mkate wa wishwa, Liyongo akawafundisha watu nyimbo za gungu, na wakati ngoma imepamba moto nje yeye ndani anakata minyororo, hakuna aliyesikia. Ule ni uchawi wa malenga pia, na hakuufanya peke yake. Kwa hiyo tangu hapo asiyeweza ubeti anaruhusiwa kuanzisha wimbo, meza nzima ikiitikia uchawi unatoka, na kila aliyeitikia anapata dadu ya kutiwa moyo ya pande 6, ya kuongezea kwenye mrusho wake. Toka tulegeze hivyo waliokuwa wanakaa kimya ndo wana kelele kuliko wote, jirani wa ukumbi mpya ameshakuja kuuliza kama sisi ni kwaya.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tuchague mkaguzi wa vina, kwa sababu msimamizi wa gemu hawezi kuendesha vita na kuhesabu mizani kwa vidole kwa wakati mmoja, na ikiwezekana asiwe rafiki wa mtu yeyote mezani.

Hoja iko mbele yenu sasa, kanuni ya ubeti ibaki au iondoke, mimi kura yangu ni ibaki. Anayepinga ana dakika tano, na akipinga kwa ubeti nampa kumi.