Rangi za akriliki hazina kipimo kimoja cha kuzimulia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge ushauri ambao wanaoanza kupaka rangi sanamu ndogo za michezo ya mezani hupewa mara kwa mara, kwamba rangi ya akriliki izimuliwe kwa maji, nusu kwa nusu, ndipo kazi ianze. Wengine husema ifanane na maziwa, ingawa hawatuambii kama ni ya ng'ombe aliyetoka malishoni au ya pakiti.

Kipimo hicho hakifai kwa sababu rangi hazitengenezwi kwa uzito mmoja. Katika rangi za Citadel, zinazouzwa na kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, kundi la Base lina chembe nyingi za rangi ili lifunike vizuri, na kundi la Layer ni jepesi zaidi, maana hupakwa juu ya hilo la kwanza. Anayetaka vazi jekundu huanza na Mephiston Red ya kundi la Base, akaongeza Evil Sunz Scarlet, kisha akamalizia sehemu zilizoinuka kwa Wild Rider Red, zote mbili za Layer. Akitia nusu maji kote, ile ya kwanza huenda ikastahimili, lakini hizo mbili zitatiririka na kutuama kwenye mikunjo, yaani palepale palipokusudiwa kubaki na kivuli. Vallejo Model Color ya Uhispania ni nzito zaidi, hivyo huvumilia maji mengi, mradi chupa itikiswe sana kwanza.

Maji yakizidi mno, ule utomvu unaoshika chembe za rangi hudhoofika, na tabaka likikauka huacha alama za duara. Anayetaka rangi nyepesi sana ni afadhali aongeze kizimulishi cha akriliki, ambacho kwa kweli ni utomvu huohuo usiotiwa rangi. Thina ya rangi za mafuta isitumike, kwani haichanganyiki na rangi hizi za maji.

Kipimo ninachokiamini ni mstari mmoja juu ya ukucha wa kidole gumba: uonyeshe kidogo kilicho chini yake, lakini usitambae pembeni. Brashi ifutwe kwenye karatasi kabla ya kugusa sanamu, na mkono uishie upande unaotakiwa kung'aa, kwa sababu rangi nyingi hubaki pale brashi inapoinuliwa. Tabaka la pili lisubiri la kwanza likauke, la sivyo brashi italing'oa.

Kwa joto la Dar es Salaam, hasa chini ya feni, rangi hukauka upesi kwenye paleti, yaani kibao cha kuchanganyia rangi, na ndiyo maana wengi wetu hutandika karatasi ya kuokea juu ya sifongo iliyolowa ndani ya kopo bapa. Paleti hiyo nayo huongeza maji polepole, kwa hiyo mchanganyiko uanze ukiwa mzito kidogo, na ujaribiwe tena ukuchani kila baada ya mapumziko.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam