Barua kwa mwanangu: hatua hamsini kutoka kwenye maji

Goma, mwanzoni mwa Desemba

Mwanangu mpendwa,

Tumepokea salamu zako pamoja na picha, na mama yako amekwisha kuzionyesha kwa majirani wote wa upande wetu wa Majengo. Wao wameona gari la safari yenu ya Florida, wameona jiko na choo ndani ya gari, wameona meza inayokunjwa ikawa kitanda cha mtoto, wakashangaa na kumshukuru Mungu kwa ajili yako. Mimi nimeona ngazi. Katika picha ya mahali mlipolipia kulaza gari usiku wa tatu, ngazi za mlango zinashukia kwenye nyasi, na nyasi zikiisha ni maji, wala sikuona ukuta, wala wigo, wala hata kamba kati ya pale mjukuu wangu atakapoweka mguu akiamka na hayo maji. Nimepima kwa jicho la dereva: ni hatua saba, pengine nane. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kungoja simu ya Jumapili, kwa maana kwenye simu wewe hucheka, na mama yako huninyang'anya simu kabla sijamaliza.

Safari siikatazi. Nataka ulisome neno hili kabla ya mengine yote, kwa sababu najua utasema mzee ameanza tena. Kutoka kwenu Kentucky hadi ncha ya kusini ya Florida ni zaidi ya kilomita 1,500, na mkwe wangu ameniambia kwamba wewe ndiwe utakayeshika usukani nusu nzima ya njia hiyo, na kwamba gari lenyewe lina urefu wa mita tisa. Nimewasimulia wazee wenzangu habari hii hadi wamechoka kuisikia. Kaka zako niliwafundisha kuendesha nikiwa nimeketi kando yao; wewe umefundishwa ugenini na mtu uliyemlipa kwa saa, na bado umewapita. Hilo nilipaswa kulijua mapema zaidi, siku zile uliposimama karibu na lori ukinishikia funguo. Tuyaache hayo.

Shida ni kwamba wewe ni mtoto wa Kivu. Ulikulia kwenye ziwa lisilo na mamba, ambamo watoto hushuka alfajiri na bidoni zao, wakaingia hadi kifuani, wakaoga, wakafua, wakateka, na aliye mkubwa humwacha mdogo ukingoni akarudi na kumkuta pale pale. Ziwa letu lina ubaya wake, lina gesi chini yake na upepo unaozamisha mitumbwi, lakini ukingoni halimwindi mtu. Mwili wako ulijifunza hivyo kabla hujajua kusoma, na mwili hausomi mabango. Aliyekutia majini ukiwa na miaka minne na kukuambia kwamba maji ni ndugu zako unamjua, sina haja ya kumtaja.

Maji ya kule msiyaite ndugu. Mdogo wako amenisomea habari zake kwenye simu kwa jioni tatu mfululizo. Katika jimbo la Florida peke yake, mamba wale wanaoitwa aligeta wanakadiriwa kupita milioni moja, nao hawakai mahali pamoja wakingoja watalii. Wamo mitoni, wamo kwenye mifereji ya kando ya barabara, wamo katika mabwawa ya mapambo nyuma ya nyumba za watu. Kusini kabisa, katika hifadhi ya Everglades iliyofunguliwa mwaka 1947, aligeta huishi pamoja na mamba wenye pua nyembamba, jamaa wa hawa wetu wa Ruzizi, na hakuna mahali pengine duniani ambapo aina hizo mbili hukaa pamoja kwa asili. Mkwe wangu aliniandikia kwamba Desemba ni baridi na kwamba wanyama hao hawali sana wakati wa baridi. Ni kweli, lakini hiyo Desemba yenu ya Kentucky msiipeleke Florida ya kusini, ambako jua linatosha kuwatoa ukingoni kuota. Tena msimu wao wa ukavu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, maji hupungua, na kila kiumbe hukusanyika kwenye madimbwi yaliyobaki, samaki, ndege, mamba. Ndiyo maana watu huchagua miezi hii kwenda kutazama, na ndiyo maana mimi silali.

Mwaka 2016, mwezi wa Juni, mtoto wa miaka miwili alichukuliwa na aligeta ukingoni mwa maji ya hoteli moja huko huko Florida. Giza lilikuwa limeanza kuingia, mtoto yuko kwenye maji machache, na baba yake yuko hapo hapo karibu naye. Baba aliingia majini akapambana na yule mnyama kwa mikono yake, asiweze kumwokoa mwanawe. Nilimwomba mdogo wako anisomee habari hiyo mara ya pili, kisha nikatoka nje. Sikulaumu yule baba hata kidogo, na nisingependa mtu yeyote amlaumu. Alikuwa karibu kuliko nitakavyokuwa mimi.

Kwa hiyo nasema hatua hamsini kati ya mlango wa gari na maji. Hifadhi yenyewe inataka mtu asimsogelee aligeta chini ya mita tano hivi, lakini sheria hiyo ni ya mtu mzima na mnyama anayeonekana, nami nasema habari ya yule asiyeonekana. Wenyeji huambiwa waogelee mchana tu na mahali palipotengwa, kwa kuwa tangu machweo hadi mapambazuko ndiyo saa za mnyama huyo. Mshike saa hizo kama tunavyoshika saa za njia hapa kwetu. Jua likianza kushuka, mtoto awe ndani na mlango umefungwa.

Jambo la pili ni hilo hilo la kwanza: msitupe chakula majini. Mkivua samaki, matumbo na magamba yasitupwe ukingoni mnapokaa. Kule kumlisha aligeta ni kosa kwa sheria, na aliyetunga sheria hiyo nadhani angeielewa Vitshumbi, kile kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi ya Virunga. Unajua nilivyokuwa nikibeba samaki kutoka huko, lakini jambo hili sikukusimulia. Kulikuwa na kiboko dume aliyezoea kupita usiku kati ya nyumba, na akina mama waliokuwa wakipasua samaki karibu na njia yake walianza kumtupia majani ya kabichi na maganda ya ndizi, kwanza kwa hofu, baadaye kwa mapenzi, hata watoto wakawa wanamwita waonekane mashujaa. Asubuhi moja, nikiwa naamka ndani ya lori, mama mmoja aliteremka kuteka maji, naye kiboko alikuwa bado juu, hajarudi ziwani. Alisimama kati yake na maji. Sikuona tendo lenyewe. Niliona ndoo yake ya bati, imebonyea hadi ikawa bapa kama sahani, na marabu wawili wamesimama kando yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Kiboko hakuwa amebadilika tabia, mwanangu. Watu ndio waliomfundisha kukawia.

Uliwahi kuniuliza kwa nini viboko wa Virunga walibaki wachache. Katika miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 20,000, na katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,000. Nilikujibu kwamba ni watu wa bunduki, na ni kweli kwamba wao ndio waliopiga risasi. Lakini nyama haikutembea yenyewe hadi Goma. Ilipanda malori, chini ya magunia ya samaki wakavu, na malori yalikuwa na madereva, na madereva walikuwa na karo za kulipa. Kuna muhula ambao wenzako walirudishwa nyumbani na wewe hukurudishwa. Mama yako alikataa kuipika ile nyama, nami nikamwona mwenye maringo.

Basi inaponiuma kwamba unakwenda mbali hivyo kutazama wanyama ilhali hujawahi kuiona hifadhi iliyo karibu na nyumba ya baba yako, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo baba yako aliikatiza kila juma kwa miaka mingi, najua jibu lako na sitaki uliandike. Nilidhani wanyama ni wa wageni na kwamba sisi kazi yetu ni kupita. Mwonyeshe mwanao, wala msipite tu.

Mwonyeshe wale nguva wa mito. Mdogo wako aliniwekea picha zao nikakaa nazo kwa muda mrefu: mnyama wa kilo 500, hana meno ya kuuma mtu, kazi yake ni kula majani ya majini, na bahari ikipoa hukimbilia kwenye chemchemi ambazo maji yake hukaa kwenye nyuzi 22 mwaka mzima. Katika eneo la Crystal River hujaa miezi hii hii mtakayopita. Watazameni kutoka juu, kwenye vijia vya mbao. Najua watu huingia majini kuogelea karibu nao. Ninyi kaeni juu. Mwonyeshe pia mwari wa kahawia anavyojiangusha baharini kutoka juu kama jiwe, kwa maana mwari wetu mweupe wa Vitshumbi hukaa juu ya maji akichota polepole, na mtoto atajifunza kwamba jina moja halimaanishi desturi moja. Na katika visiwa vya kusini, kwenye Big Pine Key, kuna paa wadogo ambao begani hawafiki hata mita moja, waliobaki mia kadhaa tu, na wengi wao hufa kwa kugongwa na magari. Hapo punguza mwendo kuliko bango linavyosema, hasa usiku.

Kisha utaingia kwenye lile daraja. Barabara ya visiwa ina madaraja 42, na moja linakaribia kilomita 11 juu ya bahari, yaani karibu nusu ya njia ya kwetu hadi Sake, maji kulia na maji kushoto. Ningependa wewe ndiwe uwe kwenye usukani hapo. Gari refu namna hiyo hubeba upepo ubavuni, kwa hiyo shika kwa mikono miwili, usiharakishwe na wa nyuma, na mtoto asisimame kutazama. Andika kimo cha gari kwenye karatasi uibandike mbele ya macho yako, kwa sababu mtu aliyezoea gari dogo husahau kwamba ana paa. Na kwenye hifadhi ya Everglades, ukiegesha karibu na njia ya Anhinga, utakuta maturubai yamewekwa ya kufunika magari, kwa kuwa tai weusi wa hapo hung'oa mipira ya madirisha na ya waipa. Gari si lenu; lifunike.

Habari ya gesi sitairefusha, maana wewe ni mtoto wa mji wa mazuku, ile hewa nzito itokayo ardhini na kuua. Gesi ya jiko ikivuja hutuama chini kama mazuku, hapo hapo kinapokunjuliwa kitanda cha mtoto. Moshi wa jenereta hautuami hivyo, lakini huua kimya kimya vilevile, na sehemu yake inayoua haina harufu. Jenereta isiwashwe mkiwa mmelala, na kile kifaa cha kulia hatari kijaribuni kabla ya kuondoka nyumbani.

Hapa tu wazima. Mambo ya mji unayasikia, sitayaandika. Pesa ulizotuma zilifika kwa njia ya Gisenyi, tukabadilisha bati mbili za jikoni na zilizobaki zikaingia kwenye karo ya mdogo wako, ambaye sasa anajiona mtaalamu wa Florida na anawasahihisha watu wazima. Makaa yamepanda bei tena. Goti la mama yako limetulia tangu aache kupandisha maji mwenyewe. Kijana wa jirani humletea bidoni nne kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kila asubuhi, nasi tunamlipa kwa juma. Mama yako amekuwekea samaki wadogo wa sambaza wakavu kwenye mfuko, ingawa nimemwambia hakuna wa kuwabeba kwa sasa. Anauliza kama mjukuu wake bado anaogopa giza. Mimi naomba aendelee kuogopa hadi mtakaporudi.

Mpigie simu mwenye mahali pale pa usiku wa tatu, umwombe nafasi ya nyuma, iliyo mbali na maji. Ikiwa ni ghali zaidi, kata kwenye pesa unazotutumia mwezi huu, nami nitazungumza na mama yako. Ikiwa hakuna, laleni kwingine. Mkifika, usinitumie picha ya mamba. Simama kwenye ngazi za gari mchana, mtoto akiwa ndani, upige picha kuelekea majini, nyasi zote zionekane kuanzia ngazi hadi ukingo, unitumie nizihesabu hatua mwenyewe.

Ni mimi baba yako.