Ukimwambia kila mtu, hujamwambia yeyote

Mhariri,

Kila dhuluma au maafa yakitokea, wito ni uleule: "Jamii ichukue hatua." Jamii haina mikono. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaketisha watu chumbani wajaze fomu, kisha wakapenyeza moshi kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliowekwa na watu wawili walioagizwa wasijali, asilimia 10 tu. Wengine walikohoa, wakapunga moshi kwa mkono, wakaendelea kuandika! Kila mmoja alimwona mwenzake ametulia, akaamua hakuna hatari.

Ndivyo wito unavyofia kwenye makundi ya simu. "Tusaidieni, kuna familia haina chakula" husomwa na watu mia, kila mmoja akidhani mwingine ameshatuma.

Anayetaka jambo litendeke amtaje mtu mmoja, ampe kazi moja na muda: "Juma, piga simu ya dharura sasa hivi, kisha uniambie wamejibu nini." Usipomjua jina, mnyooshee mkono: "Wewe mwenye shati jekundu." Hilo la kurudisha jibu ndilo husahaulika zaidi, na bila hilo hutajua kama simu ilipigwa au iliishia kwenye nia.

Vikao navyo viache kuandika "kamati italishughulikia". Kumbukumbu ziwe na jina, kazi na tarehe. Asipopatikana wa kujitolea, liandikwe hilohilo, wajumbe walisome kabla ya kutawanyika.

Msomaji wenu