Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: faili letu bado limelala

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Tengeru. Kazi yangu ni kukusanya maharage machanga na njegere kwa wakulima wadogo wa huku Meru na kuyafungasha yaende Ulaya.

Mwaka juzi tulipata mbia kutoka Uholanzi. Alitaka kujenga chumba cha ubaridi, maana maharage yakikaa kwenye joto nusu siku tu yanasinyaa, mnunuzi anayakataa, na hasara inarudi kwa mkulima. Ada zote za vibali tulilipa serikalini, risiti ninazo. Faili likalala. Kila nikienda, bosi yuko safari, njoo wiki ijayo. Mwezi wa nne karani mmoja akanisindikiza hadi nje: "Dada, faili halitembei lenyewe. Huyo mzungu wako si ana hela?"

Nilimfikishia mbia maneno yale kama yalivyo. Hakufoka. Alinieleza kwamba kwao kumhonga mtumishi wa nchi nyingine ni jinai, hata hongo ikitolewa Arusha. Marekani wanayo sheria ya namna hiyo tangu 1977, na ya Uingereza ya 2010 inaibana hata kampuni iliyoshindwa kumzuia mtu wake asihonge. Mwezi wa saba akaondoka. Kina mama tuliokuwa tumewaandikisha kwa kazi ya kuchambua bado wananiuliza tukikutana sokoni.

Mheshimiwa, aliyeondoka ananiuma, lakini atakayekuja badala yake ananitisha. Huyo atalipa bila kushtuka, kisha atajirudishia: kwenye bei ya kilo, kwenye ujira wa kibarua, kwenye maji ya mfereji atakayochota kupita kibali chake. Mkaguzi akimfuata, njia ya kumtuliza kwa hongo anaijua tayari. Rushwa inatuchagulia wageni, na inatuchagulia vibaya.

Na si mambo ya karani tu. Mwaka 2013 nchi yetu ilikopa nje dola milioni 600. Katika ada ya mkopo ule iliingizwa asilimia moja zaidi, dola milioni 6, zikaenda kwa kampuni ya hapa nchini ambayo wachunguzi wa Uingereza hawakuona kazi iliyoifanya. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano kati ya wachunguzi hao na benki ya huko iliyosimamia mkopo, nayo ikatakiwa kuirudishia Tanzania fedha hizo pamoja na riba. Inaniuma kwamba ilibidi zidaiwe London.

Sikwenda TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa. Nasema wazi, niliogopa, kwa sababu leseni yangu ya kila mwaka inapita dirisha lilelile. Sheria ya rushwa ya 2007 inamtia hatiani mtoaji na mpokeaji, lakini asiyetoa naye anabaki na faili lililolala.

Bodi ya Umoja wa Afrika inayoshauri kuhusu rushwa ina makao yake katika jiji hili hili. Basi tuanzie hapa. Naomba kila ofisi ya vibali mkoani ibandike ukutani orodha ya mafaili: namba, tarehe lilipopokelewa, meza lilipo leo. Ibadilishwe kila Ijumaa, na wewe mwenyewe upite bila taarifa kuisoma.

Siombi karani yule afukuzwe, na jina lake sitaliandika. Naomba orodha ibandikwe. Letu litaonekana humo: limepokelewa Machi, mwaka juzi.

Wako mtiifu,
Mfungashaji wa mboga, Tengeru